Uzbekistan waliacha kuuza nje pamba nyuzi: sisi wa Kanda ya Ziwa tuige lipi, tuache lipi?

Mizani_ya_Kwimba

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, wengine habari za saa hizi.

Kuna andiko la vyama vya msingi vya pamba vya Kwimba, Misungwi na Magu linalotakiwa kusomwa mkutanoni kabla ya ununuzi kuanza. Aliyeliandika anapendekeza nchi ifuate njia ya Uzbekistan: pamba nyuzi (iliyokwisha kutolewa mbegu) isiuzwe nje, kila wilaya ipewe kampuni moja yenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba), mashine za kusokota uzi na za kufuma, na wakulima wote wa wilaya hiyo wauze kwake tu. Hoja yake ni kwamba wenzetu walikuwa wanapakia marobota kama sisi, leo wanauza uzi na fulana.

Naomba mnaoifahamu ile nchi mnisaidie. Hiyo klasta yao (ndiyo hiyo kampuni moja kwa wilaya) inaendaje hasa, toka mbegu mpaka malipo? Imekwama wapi? Na mafundi wa viwanda vyote hivyo walitoka wapi, maana huku fundi wa mashine za kusokota ni adimu kuliko mvua ya Agosti.

Habari za "walithubutu wakaweza" nimezisoma za kutosha. Nataka hatua na namba. Naomba kuwasilisha.

Nyuzi_na_Uzi

Mkuu, mwandishi wenu kaanza kusoma kitabu ukurasa wa katikati. Klasta ilikuja baada ya mambo mengine, na bila hayo mengine isingesimama.

Anza na hali ya kabla ya 2017. Ardhi ni mali ya serikali, mkulima amekodishwa kwa miaka mingi, ila mkataba unasema hekta ngapi apande pamba na tani ngapi alete. Bei anapangiwa. Mbegu, mbolea na dizeli vinalipwa kwa mkopo nafuu unaohama kutoka akaunti hadi akaunti, noti mkulima hazishiki. Asipofikisha kiwango, shamba linaweza kuchukuliwa. Kuvuna ni kwa mkono, na kila Septemba walimu, wauguzi na wanafunzi walikuwa wanapelekwa mashambani kwa amri. Ndiyo maana kampuni zaidi ya 300 za nguo duniani ziliweka ahadi ya kutogusa pamba yao. Sasa jiulize: hata kama ungekuwa na kiwanda kizuri cha fulana Tashkent mwaka 2015, ungemuuzia nani Ulaya?

Hatua ya kwanza haikuhusu pamba. Tarehe 5 Septemba 2017 waliachia fedha yao: dola ikatoka som 4,210 hadi 8,100 kwa siku moja. Kabla ya hapo muuzaji nje alilazimika kuikabidhi serikali sehemu ya dola zake kwa bei rasmi, ambayo ilikuwa karibu nusu ya bei ya mtaani. Ukitaka kuagiza kipuri unapanga foleni ya dola. Wanaokumbuka hapa kwetu hali ilivyokuwa kabla ya maduka ya kubadilisha fedha kuruhusiwa mwaka 1992 wanaelewa. Mtu mwenye akili hajengi kiwanda cha kusokota uzi katika mazingira hayo, kwa sababu mashine zote, vipuri na rangi ni vya kuagiza.

Klasta za majaribio zikaanza 2017 na 2018, za mikoa ya Syrdarya na Navoi zikiwa kati ya za mwanzo. Ndani ya miaka michache zikazidi 100. Machi 2020 ndipo amri ya rais ikafuta kiwango cha lazima na bei ya kupangiwa, kuanzia mavuno ya mwaka uleule, na biashara ya kuuza nyuzi ghafi nje ikafungwa. Mwaka huohuo kumlazimisha mtu kuvuna pamba kukaingizwa kwenye makosa ya jinai kwa anayerudia, malipo ya wavunaji yakiwa yameshapandishwa. Shirika la Kazi Duniani liliripoti kwamba mavuno ya 2021 hayakuwa na utumikishwaji wa kimfumo, na Machi 2022 mgomo wa zile kampuni ukaondolewa. Katikati hapo, Aprili 2021, Umoja wa Ulaya ukawapa nafuu kubwa ya ushuru. Kwa hiyo fedha ilitangulia, bei na kazi ya kulazimishwa zikashughulikiwa, soko likafunguka. Marufuku ya nyuzi ni tawi moja tu la mti huo, nanyi mnataka kulikata mkalipande peke yake.

Klasta yenyewe inakwenda hivi. Kampuni ilipewa eneo, mara nyingi wilaya nzima. Sehemu ya ardhi inailima yenyewe, sehemu iko kwa wakulima wanaosaini nayo mkataba mwanzoni mwa mwaka. Kampuni inatoa mbegu, mbolea, trekta na dizeli kwa mkopo, nyuma yake kuna mkopo wa benki wenye riba nafuu. Pamba ikivunwa inakwenda kwenye vituo vya kampuni, inapimwa uzito, unyevu na takataka, mkopo unakatwa, salio linalipwa. Kampuni inachambua, inasokota, mbegu inakamua mafuta, mashudu yanakwenda kwa mifugo.

Ilipokwama ni palepale wilaya ilipobaki na mnunuzi mmoja. Mkulima alifutiwa mnunuzi wa serikali akakabidhiwa wa binafsi, bila kuchagua. Malalamiko yaliyosikika sana kule ni malipo kuchelewa miezi, mkataba kusainiwa bei ikiwa haijaandikwa, na wakulima kushinikizwa "kurudisha kwa hiari" sehemu ya ardhi yao ili klasta ipate eneo. Halafu kuna kipimo. Anayekata unyevu ndiye huyohuyo anayenunua. Kwenye kilo 1,000, akiongeza asilimia 4 tu ya unyevu usiokuwepo, kilo 40 zimeyeyuka bila mtu kugusa mizani.

Kingine ambacho andiko lenu limekificha: walichopata kwanza kwa wingi ni uzi, fulana zilifuata nyuma kwa mbali. Uzi wa pamba wa kawaida ni bidhaa ya bei ya dunia kama nyuzi zenyewe, faida yake ni nyembamba. Januari 2023 baridi kali ilipoleta upungufu wa gesi na umeme, viwanda vilisimama. Kiwanda cha kusokota hula uniti 3 hadi 4 kwa kila kilo ya uzi, na umeme ukikatika hata sekunde chache nyuzi zote kwenye mashine zinakatika kwa pamoja. Kuziunga upya ni saa kadhaa na taka nyingi. Waulizeni waliowahi kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo hapa Mwanza.

Na msilinganishe mashamba. Kule ni kilimo cha umwagiliaji, hekta moja hutoa takriban tani 3 za pamba mbegu (ambayo haijachambuliwa), yaani kama kilo 1,200 kwa ekari. Sisi tunategemea mvua, wengi wako kilo 200 hadi 300 kwa ekari.

Mama_Cherehani

Nami niongeze jirani yao, kwa sababu watu wakisema Asia ya Kati wanadhani ni Uzbekistan tu.

Kirgizistani hawana pamba nyingi wala gesi. Walikuwa wa kwanza kule kuachana na rubli ya Urusi, wakatoa som yao Mei 1993, na Desemba 1998 wakawa nchi ya kwanza ya iliyokuwa Sovieti kuingia Shirika la Biashara Duniani. Ushuru ukawa mdogo, kitambaa cha China kikamiminika, na soko la Dordoi pale Bishkek, lile la makontena yaliyobebana ghorofa mbili, likawa ghala la eneo zima. Karakana za kushona zikaota mitaani: kitambaa kutoka China, nguo zinakwenda Urusi na Kazakhstan.

Kilichosaidia ni kodi ya patenti. Fundi analipa kiasi maalum kwa mwezi, hatunzi vitabu, anafanya kazi kihalali. Ni binamu wa kile kitambulisho chetu cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, ila cha kwao kiligusa hata wafanyakazi wa karakana na kiliungana na mchango wa hifadhi ya jamii. Ubovu wake ni kwamba karakana inakataa kukua. Ukikua unatoka kwenye patenti unaingia kwenye VAT, kwa hiyo mwenye vyerehani 60 anajigawa kuwa watu sita wa vyerehani kumi. Na mnunuzi mkubwa anayetaka ankara ya VAT humpi. Walipoingia umoja wa forodha wa Urusi Agosti 2015, mpaka wa kuuzia ukawa mwepesi, lakini ushuru wa kitambaa cha China ukapanda na vyeti vya ubora vikaanza kudaiwa.

Kwa Mwanza mimi naona somo hili liko karibu zaidi kuliko klasta. Mafundi wa Makoroboi wanashona sare kwa kitambaa kilichotoka nje, washindani wao ni mitumba ya Mlango Mmoja. Kiwanda cha uzi hakitawasaidia hata kidogo kama hakuna ufumaji na upakaji rangi katikati. Hapo ndipo mnyororo wetu ulipokatika, na hapo ndipo hela nyingi na maji safi mengi yanapotakiwa.

Mwl_Igoma

Swali la mafundi nalichukua mimi.

Uzbekistan hawakuanza na ukurasa mweupe. Chuo chao cha nguo na viwanda vyepesi cha Tashkent kilianzishwa 1932, kwa hiyo walikuwa na wahandisi wa nguo kabla hata Mwanza haijapata kiwanda. Miaka ya 1990 wawekezaji wa Korea na Uturuki walikuja na mashine na mameneja wao. Daewoo walikuwa na viwanda vya kusokota Fergana. Wafanyakazi wa viwanda hivyo ndio waliokuja kunyakuliwa na klasta.

Katikati walifanya kosa moja kubwa ambalo linafaa kusomwa kwa makini. Sheria ya 1997 iliwalazimisha vijana wote, baada ya miaka 9 ya shule, kwenda miaka 3 ya chuo cha ufundi au lisiyamu (shule ya kuandaa wa chuo kikuu). Walijenga vyuo zaidi ya 1,400. Majengo mazuri, mashine mpya. Kilichokosekana ni mwalimu aliyewahi kufanya kazi kiwandani, na kiwanda cha kumpokea mwanafunzi kwa mazoezi. Wilaya ya kilimo inajikuta na darasa la watengeneza programu, mji wenye kiwanda unafundisha ushonaji wa mapazia. Kuanzia 2017 wakarudi kwenye miaka 11 ya shule, ufundi ukawa hiari, na majengo mengi yakabadilishiwa kazi.

Vyuo vikuu navyo vilikwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 2016 ni asilimia 9 hivi ya vijana wa rika husika waliopata nafasi, vyuo vikiwa chini ya 80. Kufikia 2022 kiwango kilipita asilimia 35, na muda si mrefu vyuo vikazidi 200, vya binafsi na matawi ya vyuo vya nje vikiwemo, masomo ya mbali yakirudishwa. Ni kasi ya kutisha. Wahadhiri hawaongezeki kwa kasi hiyo, mmoja anafundisha vyuo vitatu. Sisi tuliopitia shule za kata tunajua darasa linavyotangulia mwalimu.

Kazakhstan wana Bolashak, ufadhili wa kusoma nje ulioanza 1993. Mwanafunzi anarudi kufanya kazi nchini miaka mitano, na dhamana ni mali isiyohamishika, mara nyingi nyumba ya familia. Asiporudi nyumba inadaiwa. Ukilinganisha na Bodi ya Mikopo yetu inayokata asilimia 15 ya mshahara, utaona kila mfumo unamkamata mtu tofauti: wetu unamkamata mwenye ajira rasmi, wao unamkamata mwenye nyumba, na asiye na nyumba hapati mdhamini kirahisi.

Kwa mahitaji yenu, mwendesha mashine ya kusokota anafundishika kwa wiki 8 hadi 12 akiwa kazini. Fundi wa kurekebisha mashine ni miaka miwili mitatu. Mtu wa maabara ya nyuzi na wa kuchanganya marobota ndiye adimu, na ndiye anayeamua kama uzi utakatika au hautakatika. UDSM wana shahada ya uhandisi wa nguo, VETA Nyakato wana mafundi wa umeme na mitambo. Chuo kipya hamhitaji. Mnahitaji kiwanda kitakachosaini kupokea vijana 20 kwa mwaka na kuwalipia nauli.

Mizani_ya_Kwimba

Nashukuru sana, hasa hilo la unyevu, limenigusa. Mama_Cherehani, hoja yako ya ufumaji na rangi naiingiza kama ilivyo.

Nyuzi_na_Uzi, tuchukulie kiwanda cha wastani, tani 5,000 za nyuzi kwa mwaka. Kinahitaji ekari ngapi, na je mtaji wa kununua pamba ni tatizo kweli au ni kisingizio cha wenye viwanda?

Nyuzi_na_Uzi

Si kisingizio. Twende kwa hesabu.

Uchambuaji chukulia asilimia 36, maana yake tani 1 ya pamba mbegu inatoa kilo 360 za nyuzi. Tani 5,000 za nyuzi zinataka pamba mbegu tani 13,900. Kwa kilo 250 kwa ekari ni ekari 55,600. Kwa kilo 1,200 za kule ni ekari 11,600. Hapo ndipo lori, mizani, vituo na wakaguzi wako wanapozidi karibu mara tano kwa kiwanda kilekile. Nafasi ya sentimita 60 kwa 30 inaingiza mashimo kama 22,000 kwa ekari badala ya 11,000 ya 90 kwa 40. Pesa ya kwanza ingekwenda hapo kabla ya kwenda kwenye mashine.

Kwenye kusokota, kilo 100 za nyuzi zinatoa kilo 85 hadi 88 za uzi wa kawaida. Tani 5,000 ni uzi tani 4,300 hivi, na umeme kama uniti milioni 15 kwa mwaka.

Sasa mtaji. Pamba yetu inanunuliwa miezi michache, kiwanda kinakula miezi 12. Weka bei ya mfano shilingi 1,200 kwa kilo: tani 13,900 ni shilingi bilioni 16.7, na zinatakiwa taslimu ndani ya msimu. Akiba ikiisha polepole mwaka mzima, kwa wastani nusu ya hela hiyo imelala ghalani. Riba ya asilimia 15 juu ya nusu ni bilioni 1.25. Gawa kwa kilo milioni 5 za nyuzi: shilingi 250 kwa kila kilo, kabla hujalipa umeme wala mshahara. Mshindani mwenye mkopo wa asilimia 5 analipa 83. Klasta za Uzbekistan zilisimama juu ya mikopo nafuu ya serikali, na hilo andiko lenu halilitaji kabisa. Bila mkopo huo, kampuni yenu ya wilaya itafanya kile wenzao walichofanya: itachelewesha malipo ya mkulima, na mkulima ndiye atakayegeuka benki isiyo na riba.

Halafu ubora. Uzi wa salfeti (gunia la plastiki) ukiingia kwenye pamba, rangi haiukubali, kitambaa kinatoka na madoadoa meupe, na mnunuzi hukata bei robota zima. Magunia ya kitambaa cha pamba yatumike toka shambani. Maji na mchanga vinavyoongezwa ili mizani ipande navyo visemwe wazi mkutanoni, maana hapo mwizi ni mkulima.

Mwalo_wa_Kirumba

Samahani kuingilia pamba za watu. Mkizungumza umwagiliaji wa kule msisahau maji yalikotoka. Mito ya Amu Darya na Syr Darya ilielekezwa mashambani kuanzia miaka ya 1960, Bahari ya Aral ikapoteza sehemu kubwa sana ya maji yake, na Moynaq, uliokuwa mji wa bandari na wa kusindika samaki, sasa uko jangwani. Mashamba yenyewe yana chumvi, inabidi yafurikishwe maji kipindi cha baridi ili kuiosha. Kazakhstan walijenga tuta la Kok-Aral, lililokamilika 2005, upande wa kaskazini maji yakapanda na wavuvi wakarudi. Upande wa kusini haukurudi. Ziwa letu ni kubwa na lina mvua yake, silinganishi moja kwa moja, ila anayetaka kumwagilia pamba kwa maji ya Nyanza aandike na hesabu ya mifereji inayovuja.

Mizani_ya_Kwimba

Nimekupata, kaka. Mifereji ya udongo naifuta kwenye kiambatisho.

Nyuzi_na_Uzi, la mwisho. Pendekezo la mnunuzi mmoja wakiling'ang'ania, tudai nini kwenye mkataba?

Nyuzi_na_Uzi

Wakiling'ang'ania, eneo liwe la msimu mmoja au miwili, lisiwe la kudumu, na chama kiwe na haki ya kuhama kikilipwa nje ya siku 7. Bei iandikwe kama kanuni, kwa mfano asilimia fulani ya bei ya nyuzi ya soko la dunia kwa kiwango cha dola cha Benki Kuu siku ya kupokea, na isishuke chini ya bei elekezi. Mbegu ya pamba ihesabiwe peke yake, kwa sababu ni zaidi ya nusu ya uzito na mafuta na mashudu yake ni hela, wengi huisahau. Mkopo wa pembejeo uandikwe kwa bei ya kila kitu, risiti apewe mkulima, asikute jumla tu mwisho wa msimu.

Kipima unyevu kiwe mali ya chama, kikae kwenye chama, na sampuli ya kila mzigo igawanywe mara tatu: ya mnunuzi, ya chama, na moja ifungwe kwa lakiri kwa ajili ya mgogoro. Mizani ya kituo iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Isipokuwa nayo, gari halishushi.